Saa na Bei za Mpigapicha wa Harusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mengi ya maswali haya maharusi huyauliza kabla ya kulipa advansi. Mengine huulizwa ukumbini kazi ikiwa imeshaanza, na hapo jibu lolote huwa limechelewa. Anayejibu ni mpigapicha, na mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo someni mkilijua hilo.

## Kuhesabu saa

Tukikubaliana saa nane, zinaanza kuhesabiwa lini?

Zinaanza saa iliyoandikwa kwenye mkataba, si pale inapopigwa picha ya kwanza. Mkataba ukisema saa saba mchana, mpigapicha akafika saa saba kamili na kuambiwa bibi harusi bado yuko saluni, saa inakwenda. Akichelewa yeye, dakika hizo ni deni lake, na azilipe mwishoni bila kukumbushwa.

Zinahesabiwa mfululizo. Safari ya kutoka mahali pa kufungia ndoa hadi ukumbini imo, foleni ya magari imo, na ile nusu saa ambayo kila mtu anasubiri mlango wa ukumbi ufunguliwe nayo imo. Katikati ya hayo hawezi kwenda kufanya kazi ya mtu mwingine. Safari yake kutoka nyumbani hadi kituo cha kwanza ina hesabu yake (tazama "Mpigapicha anatoka mbali").

Tunahitaji saa ngapi?

Msianze na idadi ya saa. Anzeni na picha ya mwisho mnayoitaka, kisha rudini nyuma hadi ya kwanza.

Tuseme ndoa inafungwa saa tisa alasiri na mnataka picha za kuvaa na kupambwa. Mpigapicha aingie saa saba. Hafla ya ndoa ichukue saa moja, picha za makundi dakika 45, picha zenu wawili peke yenu dakika 45 nyingine, msafara nusu saa. Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Mnaingia ukumbini saa kumi na mbili na nusu, zinakuja hotuba, chakula na keki, mnafungua dansi saa mbili na nusu, na saa tatu usiku mpigapicha anafunga begi. Hizo ni saa nane. Mkiondoa picha za kuvaa zinabaki sita na nusu, maana bado atatakiwa kufika kabla watu hawajakaa. Mkiona inatosha awapige mnaingia ukumbini na wageni wakishangilia, anaweza kuondoka kabla ya saa moja usiku, mkawa mmeokoa saa mbili upande wa mwisho.

Ratiba nyingi huvurugikia kwenye picha za makundi. Kila kundi linahitaji kama dakika 3, na hapo ni kama wahusika wote wamesimama mbele ya kamera. Makundi 20 ni saa nzima, ila kwenye karatasi maharusi huandika "picha na ndugu, dakika 15". Siku ikifika, mama mdogo yuko chooni, mjomba anapokea simu maegeshoni, na kundi la saba limesimama linawangoja wawili hao. Orodha mpeni ndugu mmoja mwenye sauti, anayezijua sura za pande zote mbili, aite kundi linalofuata wakati hili bado linapigwa. Msimpe mpigapicha kazi ya kuita, maana yeye hajui mjomba ni yupi.

Kwa nini mpigapicha anauliza jua litazama saa ngapi?

Kwa sababu mwanga wa saa moja hivi kabla ya machweo ni laini na hauwakunjishi watu nyuso, na wengi wetu tungependa kuwatoa nje dakika 20 wakati huo. Karibu na ikweta jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima na giza huingia upesi, kwa hiyo dakika zikipita zimepita. Mbali na ikweta machweo husogea kwa saa kadhaa kati ya msimu na msimu, na ratiba iliyomfaa rafiki yenu aliyefunga ndoa miezi sita iliyopita inaweza kuwaangushia picha za nje gizani.

Tunaweza kugawa saa: mbili za asubuhi na nne za jioni?

Ulizeni, lakini msishangae mkikataliwa. Pengo la saa tano katikati si mapumziko. Mpigapicha amevaa, vifaa viko garini, na hawezi kuchukua kazi nyingine ya maana. Wanaokubali huhesabu pengo kwa bei pungufu, au huweka tozo moja ya kurudi. Mara nyingi kinachotoka kwenye kikokotoo kinakaribia bei ya siku nzima, na ni heri mkawa naye siku nzima.

## Bei inatoka wapi

Kazi ni ya siku moja. Mbona bei ni kama ya wiki?

Kwa sababu kazi yenyewe inakaribia wiki. Chukueni harusi ya saa nane. Mpigapicha mmoja huondoka na picha kama 3,000, pengine zaidi. Kuzichambua, akiitazama kila moja kwa sekunde 3 tu, ni saa mbili na nusu. Zikibaki 500 za kuwapa, na kila moja ikahaririwa kwa dakika 2 (rangi ya ngozi, mwanga, kunyoosha upeo uliopinda), hizo ni zaidi ya saa 16. Jumlisheni saa nane za siku yenyewe: mmeshafika 27, na bado hamjagusa vikao vya kupanga ratiba, kwenda kukagua ukumbi, kuchaji betri, kunakili kadi za kamera usiku ule ule, kupanga kurasa za albamu na kujibu ujumbe. Kwa hiyo anayegawanya bei kwa nane na kusema "huyu analipwa kuliko daktari" amegawanya kwa namba isiyo yake.

Halafu kuna vifaa. Mpigapicha makini hubeba kamera mbili, kwa sababu ikifa moja harusi hairudiwi. Shata ya kimekanika (kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga kila picha inapopigwa) ya kamera za kazi hii hukadiriwa kupiga picha kati ya 150,000 na 500,000 kutegemea modeli. Kwa picha 3,000 kila harusi, kamera ya picha 150,000 inafikia kikomo cha makadirio yake baada ya harusi 50. Kuna lenzi, taa, diski, programu za kuhariri zinazolipiwa kila mwezi, bima na kodi. Na idadi ya siku anazoweza kuuza kwa mwaka ni ndogo, maana harusi nyingi hung'ang'ania siku zile zile za mwisho wa wiki.

Basi saa nne ziwe nusu ya bei ya saa nane?

Hapana. Tarehe yote imekwenda, ziwe saa nne au nane: akija mwingine anayetaka siku nzima ataambiwa nimeshachukuliwa. Safari ni ile ile, vifaa ni vile vile, vikao ni vile vile. Kinachopungua kweli ni picha za kuhariri. Ndiyo maana saa nne huwa zaidi ya nusu, mara nyingi kama theluthi mbili ya bei ya siku, na ndiyo maana wengine hawauzi chini ya saa sita katika tarehe zinazogombaniwa. Siku ya katikati ya wiki mtu huyo huyo anaweza kukubali saa mbili bila kinyongo.

Kifurushi, bei ya saa au bei ya siku nzima: kipi kina nafuu kwetu?

Bei ya saa inawafaa wenye shughuli fupi na ratiba isiyoyumba. Bei ya siku nzima inawafaa wanaojua watachelewa, na wengi wanajijua. Ila hapo ulizeni "siku" inaishia wapi: baada ya saa 10 za kazi? Baada ya saa 12? Mpaka mgeni wa mwisho? Siku isiyo na mwisho ulioandikwa huzaa ugomvi saa sita usiku.

Kifurushi ni saa pamoja na vitu: albamu, picha kubwa ya ukutani, mpigapicha wa pili. Kwa mtazamo wangu kosa la vifurushi ni kuwauzia watu vitu wasivyovihitaji ili wapate saa wanazozihitaji. Kama mnataka saa nane na hamtaki albamu, semeni hivyo. Mwenye akili atawapa bei ya saa nane bila albamu, na albamu mtaiagiza mwakani mkitaka.

Kwa nini wapigapicha wawili, saa zile zile, mmoja ni mara tatu ya mwenzake?

Wakati mwingine ni jina tu. Mara nyingi, hata hivyo, tofauti imejificha kwenye vitu visivyoonekana katika picha 20 bora za tovuti: kama kamera inaandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, kama ana mtu wa kushika nafasi yake akiugua, kama anaweza kupiga ukumbi wenye giza na taa za rangi bila nyuso kugeuka zambarau. Ombeni kuona harusi moja nzima, kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, ikiwezekana iliyofanyika ndani na usiku. Picha 20 bora kila mtu anazo.

Mpigapicha wa pili ni wa lazima?

Ni lazima pale mnapotaka vitu viwili vinavyotokea kwa wakati mmoja: bwana harusi anavaa upande huu wa mji na bibi harusi upande ule, au uso wa bwana harusi anapomwona mwenzake akiingia, pamoja na uso wa anayeingia. Mtu mmoja hawezi kusimama pande mbili. Wageni wakivuka 150 hivi, wa pili husaidia pia kuwapiga watu mezani wakati wa kwanza yuko na ninyi. Kwenye ndoa ya watu 40 katika chumba kimoja, wa pili huishia kuonekana kwenye picha za wa kwanza.

Mnaulizia ukumbi na idadi ya wageni ili mpime mifuko yetu?

Shaka hiyo ina haki yake, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini maswali yenyewe yana kazi. Ukumbi unaeleza taa za kubeba na umbali wa safari, na idadi ya wageni inaeleza muda wa picha za makundi na haja ya mtu wa pili. Dawa ni kuomba bei ya kuanzia kwanza, iliyoandikwa, ndipo mtoe maelezo. Asiyeweza kutaja hata bei ya kuanzia, mwacheni.

Mnapunguza?

Bei hushuka kirahisi kitu kikiondoka: saa, albamu, mtu wa pili. Hushuka pia kwa tarehe isiyo na wateja. Kushusha bei huku kazi ikibaki ile ile kunawezekana, ila tarajieni kufidiwa mahali msipopaona, na mahali penyewe ni kwenye uhariri. Semeni bajeti yenu waziwazi. "Tuna kiasi hiki, unaweza kutupa nini?" hufika mbali kuliko "punguza kidogo bosi wangu".

## Advansi na mkataba

Advansi ni kiasi gani, na inarudi?

Kwa kawaida ni kati ya asilimia 25 na 50, na tarehe haijashikwa mpaka iingie. Maneno ya simu hayashiki tarehe. Salio wengi hulitaka wiki moja au mbili kabla ya siku, kwa sababu ya wazi: baada ya harusi hela huwa zimekwisha na mpigapicha ndiye wa mwisho kwenye orodha ya wadai.

Mikataba mingi husema advansi hairudi, kwa kuwa mpigapicha amewafukuza wengine kwa ajili yenu. Katika baadhi ya nchi sheria za kumlinda mlaji hazikubali mtu ashike kiasi kisicholingana na hasara aliyopata, hasa mkisitisha mapema na tarehe ikapata mteja mwingine. Someni kifungu hicho kabla ya kusaini, na ombeni risiti.

Tukiahirisha?

Kama mpigapicha ana nafasi tarehe mpya, wengi huhamisha advansi mara moja bila tozo. Mara ya pili hutozwa, au bei mpya ya mwaka mpya hutumika. Kuahirisha wiki mbili kabla ya siku si sawa na kuahirisha miezi minane kabla, na mkataba mzuri hutenganisha hayo mawili.

Mpigapicha akiugua siku yenyewe?

Mkataba utaje kwamba atapeleka mtu wa kiwango chake, na asipompata atarudisha fedha yote, si salio tu. Kifungu hiki maharusi hukisahau kwa sababu wanasoma sehemu ya bei pekee. Ulizeni jina la atakayekuja badala yake na mwone kazi zake.

## Siku yenyewe

Ratiba imechelewa saa moja na nusu. Saa za nyongeza zinahesabiwaje?

Mkataba unapaswa kuwa na mambo matatu: bei ya saa ya nyongeza, kipimo chake (kila nusu saa au kila saa iliyoanza), na jina la mtu mwenye ruhusa ya kusema "endelea". Hili la tatu ndilo hukosekana, na ndilo linalogombanisha watu.

Picha yake ni hii. Saa tatu kasoro dakika kumi usiku, keki haijakatwa, mshereheshaji anaita meza ya nane kwenda kuchukua chakula. Mpigapicha hawezi kumwendea bibi harusi kumuuliza habari za hela. Anamwendea shangazi aliyetajwa kwenye mkataba, anamwinamia sikioni: "Shangazi, muda wangu unaisha saa tatu. Keki bado. Niendelee, au keki isogezwe mbele?" Shangazi ana njia mbili, na zote ni nzuri. Mara nyingi anamfuata mshereheshaji, keki inakatwa ndani ya robo saa, na hakuna anayelipa cha ziada.

Akiendelea bila kuuliza kisha akaleta ankara, mna haki ya kuikataa. Akiondoka kimya saa ya mkataba ilipofika, naye ana haki, ingawa sijui atarudije kuwatazama wazazi machoni. Dakika kumi au kumi na tano wengi wetu tunazisamehe. Msizipangie.

Mpigapicha apewe chakula, na muda wa kula unakatwa?

Kazi ikizidi saa sita, apewe, na ale wakati maharusi wanakula, si baada. Hakuna anayetaka kupigwa picha akitafuna, kwa hiyo huo ndio muda pekee ambao hamkosi kitu. Akingoja hadi wageni wote wahudumiwe, ataanza kula hotuba ikianza. Dakika hizo za kula hazikatwi kwenye saa zenu kwa desturi ya wengi.

Mpigapicha anatoka mbali. Safari analipa nani?

Ninyi, lakini kwa kiasi kinachojulikana mapema. Wengi huweka umbali fulani bure, kisha tozo kwa kila kilomita au nauli halisi. Kazi ikiisha usiku na nyumbani ni mbali, malazi yanaingia. Hafla ikianza asubuhi mbali na kwake, alale huko usiku wa kuamkia harusi. Bei ya chumba kimoja ni ndogo kuliko bei ya mpigapicha aliyekwama njiani.

## Picha baada ya harusi

Tutapata picha ngapi?

Kipimo cha kawaida ni kati ya 50 na 100 zilizohaririwa kwa kila saa ya kazi. Anayeahidi 2,000 kwa saa nane hajachambua, anawahamishia kazi hiyo ninyi. Kuhusu saa na idadi, tazama pia "Kazi ni ya siku moja".

Tunaweza kupewa faili ghafi zote?

Wengi hukataa, na si uchoyo. Faili ghafi (picha kama kamera ilivyoirekodi, kabla ya kuhaririwa) ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, wakati JPEG, faili ya picha ya kawaida, ina 256. Utajiri huo ni wa kuhaririwa. Ikifunguliwa hivi hivi huonekana imepauka, na baadhi ya kompyuta za nyumbani hazitaifungua bila programu yake. Anayeuza faili ghafi huziuza kama kitu cha pekee chenye bei yake.

Mnachopaswa kudai ni JPEG za ukubwa kamili. Kuchapa picha ya sentimita 20 kwa 30 kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi kunahitaji pikseli kama 2,400 kwa 3,600, na picha zilizotumwa kama kawaida kwa WhatsApp hupunguzwa chini ya hapo.

Zinatoka lini?

Wiki 4 hadi 8 kwa picha zote, zaidi katika msimu wa harusi nyingi. Chache za kwanza ndani ya siku kadhaa. Muda uandikwe. Albamu hufuata baadaye kwa sababu inawasubiri ninyi mchague, na hapo wanaochelewa si sisi.

Picha ni za nani?

Chini ya mkataba wa kimataifa wa Berne wa 1886 na marekebisho yake, hakimiliki huja yenyewe bila kusajiliwa, na katika nchi nyingi hubaki kwa mpigapicha isipokuwa mkataba useme vingine. Ninyi mnapata ruhusa ya kuzichapa na kuzisambaza kwa matumizi yenu. Je, anaweza kuziweka kwenye matangazo yake? Nchini Uingereza sheria ya 1988 inampa aliyeagiza picha za shughuli binafsi haki ya kuzuia zisitangazwe hadharani hata kama hakimiliki si yake. Kwingine hutegemea mlichosaini. Kama hamtaki kuonekana, semeni kabla ya bei kupangwa, maana wapo wanaoongeza bei kwa kazi wasiyoweza kuionyesha.

## Hali zisizo za kila siku

Tunafunga ndoa ofisini, watu sita, nusu saa.

Tafuteni mwenye kima cha chini cha saa moja au mbili, siku ya kazi. Lipieni saa mbili: nusu ya kusubiri mlangoni, nusu ya ndoa, na moja ya kutembea nje mkipigwa. Ndoa za aina hii hutoa picha nzuri kwa sababu hakuna anayewakimbiza.

Sherehe ni za siku mbili.

Siku ya pili huwa nafuu kidogo kuliko ya kwanza, kwa kuwa vikao na maandalizi yameshalipiwa. Uhariri, hata hivyo, unaongezeka wote. Saa zilizobaki siku ya kwanza hazihamii ya pili isipokuwa mmeandika.

Rafiki yetu ana kamera nzuri, atatupigia bure.

Anaweza kuwapigia vizuri. Mwandikieni naye karatasi ya nusu ukurasa: anafika lini, anaondoka lini, picha lini. Bila hiyo, miezi mitatu baadaye mtashindwa kumdai kwa sababu ni rafiki, naye atashindwa kuzimaliza kwa sababu ana kazi yake ya mchana.

Tumetengana kabla picha hazijatoka. Nani anapewa?

Aliyesaini. Mkiwa mmesaini wote, kila mmoja anapata nakala yake, na salio kama lipo linadaiwa kwenu wote. Mpigapicha hapaswi kumfutia mmoja kwa ombi la mwingine. Mkikubaliana zisihaririwe kabisa, mwandikieni wote wawili, naye aeleze atazihifadhi kwa muda gani kabla ya kuzifuta. Mwaka mmoja ni muda wa busara, kwa sababu wapo wanaorudi kuziulizia.